Jinsi Gozi la Bwana Gilkristi Lilivyokombolewa Darajani Ruiru

Sogeeni, enyi watu wa Ruiru, nanyi watu wa Thika mnaopenda kusema hamkuwapo. Sogeeni na watoto wenu wanaopiga mipira ya plastiki isiyo na uzito wala adabu. Aliye na mahindi jikoni na akayaepue kwanza, maana nikianza sirudi nyuma. Nawasimulia vita vya siku moja, vilivyopiganwa tarehe mosi Januari, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane, tangu saa nne asubuhi hata saa nane unusu mchana, kando ya daraja la mto Ruiru. Wala mimi si mtu aliyeambiwa. Mimi ni Zacharia niliyeshika kitambaa cha mwamuzi wa mstari siku ile, na kitambaa ninacho mpaka leo.

Zama zile kiwanda cha kahawa kilikuwa na injinia aitwaye Bwana Gilkristi, mrefu wa kimo, mfupi wa maneno, mzaliwa wa mji wa Dankeran katika nchi ya Uskochi. Miezi kumi na mmoja alisema na mashine tu. Walakini ikiingia Desemba ulimi wake ulifunguka, akatukusanya boharini siku za Jumamosi na kutusimulia kandanda la kwao la kale: jinsi siku ya Krismasi watu walivyokwenda kazini kama siku yoyote, wakaiweka furaha yao yote akiba hata Mwaka Mpya, na jinsi siku hiyo timu mbili za mji ule mmoja zilivyokutana katika ukungu, kaptura zikifika magotini, wanaume elfu nyingi wenye kofia wakisimama kwenye theluji na chakula cha moto mkononi. Tulisikiliza mwaka baada ya mwaka. Wako wazee hapa Ruiru wasiokumbuka jina la Bwana DC wa siku zile, lakini ukiwaamsha usingizini watakutajia mlinda lango wa Dankeran na mguu aliovunjika.

Kwa kuiheshimu desturi hiyo Bwana Gilkristi aliweka amri, nayo haikuvunjwa hata mara moja: kila tarehe mosi Januari, saa tisa alasiri, Ruiru itacheza na Thika, na itacheza kwa gozi lake, mpira wake wa kale. Gozi lile lilikuwa la ngozi nene ya rangi ya chai, limefungwa kamba mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa amelicheza huko kwao siku ya Mwaka Mpya wa mwisho kabla ya vita vya kwanza. Upande wake walicheza watu kumi na mmoja. Walipotoka vitani walikuwa wanne. Hayo alituambia mara moja tu, akageuka akaenda kutazama boila.

Mtunza gozi alikuwa Gerishon Wainaina, mshona mikanda ya mashine, mwenye vidole visivyokosea tundu, mwana wa Waithira. Miaka minne alilitunza, akilipaka dawa ya ngozi kutoka kwenye mkebe mwekundu. Na mwaka huo ulikuwa wa mwisho, kwa kuwa Bwana Gilkristi alikuwa akistaafu mwezi wa Machi kurudi Uskochi. Gerishon alikuwa ameniambia, "Zacharia, mimi nataka huyu mzee apate Mwaka Mpya wake mmoja bila kasoro. Hiyo tu." Kumbukeni neno hilo, maana ndilo alilolipigania.

Basi asubuhi ya tarehe mosi shujaa wetu aliufungua mkebe, akauona mtupu. Ngozi ilikuwa imekauka kwa jua la Desemba, na gozi kavu lingepasuka kwa teke la kwanza. Duka la Gurbachan Singh mjini Thika, lililouza dawa ile, lilikuwa limefungwa, na Gurbachan mwenyewe alikuwa akizunguka na lori lake kuwakusanya wachezaji wa Thika. Gerishon akamwendea mama yake, akamweleza msiba wake.

Waithira akasimama mlangoni pa nyumba yake katika laini za wafanyakazi, akatoa hotuba.

"Kwani ngozi ni ngozi ama si ngozi? Sisi tulivaa nguo za ngozi kabla ya huyo mzungu kujua njia ya Ruiru, na zilikuwa laini kuliko hiyo shati yako. Tulizipaka nini? Mkebe? Tulizipaka mafuta ya kondoo, tukazianika juani zinywe! Lete hiyo kitu hapa."

Akatoa kibuyu cha mafuta ya kondoo aliyechinjwa Krismasi. Wakalipaka gozi mara tatu, likang'aa, wakaliweka juani kwenye benchi linywe, kama alivyofanya nyanyake Waithira na kama alivyofanya nyanya wa nyanyake. Jambo moja tu hawakulikumbuka wote wawili: nyanya zao walikaa kando ya ngozi na fimbo mkononi.

Hapo ndipo alipotokea Tarishi. Tarishi alikuwa mbwa mwekundu, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililostaafu, mali ya Mbuvi, askari wa daraja. Harufu ilimfikia, naye hakusita. Alilichukua gozi kwa kamba yake ya mdomo, akashika njia ya mto, akapita chini ya kizuizi cha daraja na kujilaza ng'ambo, kivulini pa kahawa za shamba la watu wengine. Akaanza kuliramba taratibu, bila haraka yoyote.

Gerishon akatoka mbio, nami nyuma yake, na kibuyu kwapani mwake kwa kuwa alisahau kukiweka. Tulipofika darajani tukamkuta Mbuvi, mlinda vuko, mwenye kofia iliyonyooka, mtu wa Machakos ambaye hajawahi kuonekana ameketi. Nao ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo mtu wa kwetu hakuvuka mto bila cheti cha ruhusa.

"Simama!" akanguruma Mbuvi. "Ni nani anakuja mbio juu ya daraja ya Serikali? Cheti iko wapi?"

"Afande Mbuvi," akajibu Gerishon, akihema, "wewe unanijua. Nilikushonea mshipi. Sina cheti cha ng'ambo, lakini tazama pale, mbwa wako amevuka na gozi la Bwana, na saa tisa Thika wako uwanjani!"

"Mbwa amevuka, nimemwona. Lakini mbwa haandikwi kwa kitabu. Wewe unaandikwa. Mimi niliwekwa hapa nisipitishe mtu bila cheti, na wewe, Gerishon, nasema bila ubaya, ni mtu."

"Basi nenda wewe ukamlete!"

"Niache daraja? Aiya! Nikiacha daraja, hii daraja itakuwa ya nani?"

Tukamsihi amwite walau. Mbuvi akakubali, akavimbisha kifua na kuita kwa sauti iliyofika stesheni. Tarishi akainua kichwa, akamtazama bwana wake kwa heshima, akatikisa mkia mara mbili, akarudi kazini. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Tulirusha mawe yakaishia mtoni, tukapiga mbinja mpaka midomo ikakauka. Gerishon alikaa chini kando ya kizuizi, akashika kichwa, akasema, "Ngai, Mungu wangu, watu saba walikufa vitani na mpira ukabaki. Leo unakufa kwa mkono wangu." Nami nilikuwa nikifikiri vivyo hivyo.

Ndipo macho yake yakaangukia miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vile alivyovaa siku tatu tu maishani mwake: siku ya kubatizwa, siku ya kumzika baba yake, na siku ya kumwoa Wangeci. Siku hiyo ya nne alivivaa kwa heshima ya Bwana Gilkristi. Alivitazama kwa muda ambao mtu angeweza kula ndizi akaimaliza. Kisha akakivua cha kushoto, akakimiminia mafuta yote yaliyobaki kibuyuni, ndani na nje, akakisugua kwa kiganja, akatoa mfukoni ukanda mrefu wa mashine ambao fundi wa mikanda hakosi kuwa nao, akakifunga nao.

"Usifanye," nikamwambia. "Wangeci atakuua."

"Wangeci nitamweleza," akasema shujaa. Akasimama, akazungusha mkono, akakirusha kiatu juu ya kizuizi cha Serikali. Kikatua hatua tano kutoka pua ya Tarishi.

Hapo pambano likaanza. Gerishon alivuta ukanda inchi moja, Tarishi akanusa. Akavuta mbili, Tarishi akasimama, gozi kinywani, macho kwenye kiatu. Mbwa akasogea, kiatu kikasogea. Mpaka katikati ya daraja walivutana hivyo, na hakuna aliyepumua, hata Mbuvi. Mnyama yule alijaribu kuchukua vyote viwili kwa pamoja, akajaribu tena, kisha mafuta mapya yakayashinda mafuta ya zamani. Akaachama. Gozi likaanguka, likadunda, likabingirika kuelekea ukingo usio na reli, na chini yake palikuwa na maji ya mto Ruiru.

Gerishon akalia kwa sauti. Naye Mbuvi, bila kuondoka mahali pake, bila kuinamisha kofia, akanyoosha mguu mmoja mrefu na kulituliza gozi chini ya buti la Serikali.

"Sijaacha daraja," akasema, akilisukuma kwetu. "Mtashuhudia."

Tarishi akaenda zake na kiatu, ukanda na vyote. Hakuonekana siku mbili.

Gozi lilikuwa na matundu manne ya meno, lakini kibofu cha ndani kilikuwa kizima. Tulilijaza upepo kwa pampu ya baiskeli na kufika uwanjani saa tisa kasoro dakika kumi. Thika walikuwa wamejipanga, Gurbachan Singh akitazama saa, kwa maana lori lake lilitakiwa kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Gerishon alimwendea Bwana Gilkristi katikati ya uwanja, mguu mmoja na kiatu, mwingine na vumbi, akampa gozi kwa mikono miwili, asiweze kumtazama.

Mzee akalipokea. Akayapapasa matundu, moja baada ya jingine. Kisha akalisogeza puani, akalinusa.

"Nani kwisha weka mafuta ya kondoo hapa?"

"Ni mimi, Bwana. Mkebe uliisha. Na mbwa akachukua. Makosa ni yangu yote, mama yangu hana kosa."

"Ngoja," akasema Bwana Gilkristi. "Ngoja kidogo. Pale kwetu, siku ya Mwaka Mpya, iko mama moja langoni nauza pai ya kondoo. Moto sana. Sisi wachezaji nakula kwanza, mikono yote nakuwa mafuta, nashika mpira, mpira nanuka namna hii. Miaka arobaini na nne mimi napaka dawa ya mkebe. Napaka, nanusa, najiuliza, hii mpira imepoteza nini?"

Akalinusa tena. Machozi yalimtoka mbele ya timu mbili na watu mia tatu, wala hakuyafuta. Akaanza kuwataja wenzake wa Dankeran kwa majina, wote saba, nasi tuliokuwa tukiyajua tukayataja pamoja naye. Ndipo akapuliza kipenga, maana mwamuzi alikuwa yeye.

Mechi ilikwisha bila bao. Watu wa Thika wanasema walinyimwa penalti. Mimi ndiye niliyekuwa na kitambaa, nami nasema hapakuwa na penalti.

Mwezi wa Machi tulimsindikiza Bwana Gilkristi stesheni ya Ruiru. Gerishon alikwenda na viatu vya mpira, kwa kuwa Wangeci alikuwa ameelezwa lakini hajaelewa. Alikuwa amelifunga gozi vizuri katika gunia, akamkabidhi mwenyewe. Mzee akalirudisha.

"Hii nabaki hapa," akasema. "Mwaka Mpya iko hapa." Kisha akatoa mfukoni ule mkebe mwekundu aliouomba kwa Gerishon, mtupu, umeoshwa, akamgeukia Waithira, akavua kofia. "Mama, tafadhali. Jaza."

Waithira alikuwa amekuja na kibuyu cha mafuta ya kondoo kama zawadi ya safari; akaujaza mkebe hadi ukingoni, akaufunika. Naye Bwana Gilkristi akapanda gari moshi, akarudi Uskochi na mkebe mkononi.