Misumari ya Jirani Yake Sekunde

Benchi ni langu. Nalisema mapema, maana mpita njia anaweza kudhani ni mali ya ukoo. Nililinunua ili wateja wangu wa viatu wakae wakisubiri, lakini tangu Mama Kahawa aweke jiko lake pembeni, wenye viatu vya kushona husimama, na wasio na viatu vya kushona ndio wanaokaa. Asubuhi ile walikuwa watatu: Gazeti, karani mstaafu, Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye ana kiti kizuri cha kuzunguka lakini anapenda kukaa kwangu, na Sekunde, fundi saa, mtu mwembamba mwenye meza yake ya kioo hatua tatu kutoka hapa.

Gazeti akakung'uta gazeti lake, akakohoa. Akikohoa hivyo ujue hakuna atakayeachwa anywe kahawa kwa amani.

“Sikilizeni hii. Mwanamume mmoja ameiomba mahakama imzuie jirani yake kumtazama.”

“Kumtazama tu?” Wembe akauliza.

“Kumtazama tu. Miaka tisa! Akitoka anatazamwa, akirudi anatazamwa. Akianika nguo, anatazamwa yeye na nguo zenyewe.”

“Na hakimu kasemaje?”

“Kaahirisha kesi. Anataka kwanza akayaone hayo macho.”

“Huyo hana shida, ana bahati,” Wembe akasema. “Mimi nilipanga karibu na mzee anayepiga chafya mpaka vyombo vyangu vinahama kabatini. Siku moja kapiga moja tu, nikakuta sufuria yangu iko kwake.”

“Sufuria ilitembea?” Mama Kahawa akamkazia macho.

“Haki ya Mungu, Mama. Nilipoifuata nikaambiwa nisubiri, imeshabandikwa jikoni.”

“Wewe ulinyang'anywa sufuria, ukaogopa kuidai, ukatunga chafya.”

“Mimi,” Gazeti akaingilia, “nilikaa na jirani mwenye mbwa. Mbwa mpole, hana neno. Aliyekuwa anabweka ni mwenye mbwa.”

Tukacheka. Wote isipokuwa Sekunde. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi bila kuonjwa. Mama Kahawa haoni vibaya.

“Sekunde, una nini leo?”

Sekunde akajibu. Tuliona midomo ikicheza, lakini hatukusikia kitu.

“Ongea kwa sauti bwana, hapa hakuna mgonjwa,” Wembe akasema.

“Samahani.” Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mtu aliyejificha kabatini. “Siku hizi nyumbani tunanong'ona. Miezi mitatu sasa. Imekuwa mazoea.”

“Mnanong'ona akina nani?”

“Mimi, mke wangu na watoto. Kwa ajili ya jirani. Mwenye nyumba alikuwa na chumba kimoja kikubwa, akakigawa katikati kwa plaiwudi. Upande huu sisi wanne, upande ule yuko mtu anafanya kazi machinjioni. Tunamwita Jabali.”

“Mkubwa?”

“Sijui. Namjua kuanzia mkanda mpaka kwenye buti.”

Gazeti akashusha gazeti. “Na sehemu ya juu iko wapi?”

“Tundu la ufunguo ni dogo, na yeye ni mrefu. Nikisikia mlango wake, nachungulia. Buti zina damu. Mkononi kabeba visu. Basi nasubiri hatua ziishe ndipo nitoke. Hajawahi kuniona uso, na mimi sijawahi kumuona wake.”

“Miezi mitatu!” Wembe akapiga goti. “Hata majambazi wangekuwa wameshafahamiana.”

“Sasa anagongelea misumari,” Sekunde akaendelea, na nikaona kweli hili lilikuwa linamsonga. “Mirefu. Anagonga kwake, inatokea kwetu. Wa kwanza ulitokea kwenye picha yetu ya harusi, hapa.” Akagusa katikati ya paji la uso wake.

“Wako au wa bibi harusi?”

“Wangu. Mke wangu alisema tushukuru, akatundika mkoba. Wa pili akatundika kanga. Ulipofika wa tano, nikaona hii si haki. Basi mchana nikienda kula, yeye yuko kazini, natoa nyundo yangu ya saa, naizungushia kitambaa, nagonga ile ncha irudi kwake. Taratibu. Tu, tu, tu. Mpaka msumari unalegea upande wake.”

“Hiyo ndiyo akili!” Gazeti akampa mkono. “Kimya kimya, bila ugomvi, bila mahakama.”

“Lakini akirudi anagongelea mwingine. Na kila mpya ni mrefu kuliko wa jana. Anajua ni mimi, ananijibu.” Akaweka kikombe chini. “Jana umetokea shubiri moja kutoka kwenye mto wa binti yangu.”

Pale hakuna aliyecheka. Hata mimi niliacha uzi.

“Mke wangu hakupiga kelele, maana sisi hatupigi kelele. Alininong'oneza tu kwamba leo jioni nikirudi sijamwambia huyo mtu, yeye na watoto wanahamia kwa dada yake. Na akisema anahama, huyo anahama. Ameshafunga nguo za watoto.”

Basi kijiwe kikafanya kazi yake ya kutoa ushauri. Wembe akasema aandike barua isiyo na jina. Gazeti akamuuliza, chumba kina jirani mmoja tu wa plaiwudi, sasa barua atasingiziwa nani? Gazeti mwenyewe akashauri apeleke malalamiko kwa mwenye nyumba, nakala tatu, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Wembe akamuuliza nakala ya tatu ni ya nani, Gazeti akasema ya tatu ni ya tatu, hakuna malalamiko ya maana yenye nakala mbili.

“Nenda ukagonge mlango,” Mama Kahawa akasema akichochea makaa. “Sema hodi jirani, misumari yako inatokea kwangu. Basi.”

“Mama, mtu ana visu!” Wembe akasema.

“Na mimi nina visu nyumbani. Wewe una nyembe dukani kwako. Mbona tunakunyolea shingo?”

“Mnaniletea shingo, si kuninyolea,” Wembe akarekebisha, na wangebishana mpaka adhuhuri kama kivuli kisingeangukia meza yangu. Mbele yangu ziliwekwa buti mbili za mpira, kubwa ajabu, moja imepasuka kisigino.

“Fundi, hii inazibika?”

Nikainua macho. Nikaendelea kuyainua. Lilikuwa jitu kweli, lenye koti jeupe lenye madoa na mkanda mpana kiunoni. Nikamtazama Sekunde. Yeye alikuwa akiutazama ule mkanda, na rangi ilikuwa imemtoka. Halafu akavuta nusu ya gazeti la Gazeti akajifunika nalo uso.

“Inazibika,” nikasema. “Kaa kidogo.”

Akakaa. Benchi langu likalia. Wembe akasogea, Gazeti akasogea, na Sekunde akabaki amebanwa ukingoni nyuma ya kurasa za michezo. Mama Kahawa akammiminia mgeni kahawa, akamuuliza kwa sauti tamu kabisa:

“Baba, mbona unaonekana hukulala?”

“Mama yangu, we acha tu.” Jabali akashika kikombe kwa mikono miwili. “Nalala na taa inawaka. Mtu mzima mimi! Pale nilipopanga pana jini.”

Gazeti akapaliwa na kahawa.

“Jini wa namna gani?” Wembe akauliza, masikio yamemsimama.

“Wa ukutani. Nimegongelea rafu yangu ya visu. Natoka kwenda kazini iko imara. Narudi, rafu iko chini, visu vimetawanyika, misumari imetemwa. Imetemwa! Nagongelea mirefu zaidi, kesho yake imetemwa tena. Jana nimepiga ya inchi sita. Kwa woga sikujali hata naipiga wapi.”

“Na jirani zako wanasemaje?” Mama Kahawa akauliza, jicho moja kwenye gazeti lililokuwa linatetemeka ukingoni.

“Sina jirani. Mwenye nyumba ananidanganya eti chumba cha pili kuna familia, watu wanne, watoto wawili. Mama, umewahi kuona watoto wawili wasiopiga kelele miezi mitatu? Hawalii, hawacheki, hawagombani? Hiyo si familia. Ninachosikia ni minong'ono. Nikikohoa, inanyamaza.”

Gazeti akanigusa kiwiko. Nilimuona akili inavyomzunguka, na nakiri yangu ilikuwa inazunguka upande huohuo. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Akiogopa kidogo zaidi, atahama, na Sekunde atamaliza shida yake bila kufungua mdomo.

“Ndugu yangu,” Gazeti akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, “jini wa plaiwudi ni mbaya. Hama.”

“Hama leo,” Wembe akaunga mkono. “Mimi nilimfahamu mmoja aliyetema misumari wiki ya kwanza, wiki ya pili akatema mlango, wiki ya tatu akamtema mpangaji.”

“Hata mimi nimeshaamua,” Jabali akasema. “Mke wangu na watoto niliwapeleka kwao usiku uleule wa kwanza, waliposikia minong'ono wakakataa kulala kwenye chumba kile. Nakula peke yangu. Mtoto wangu mdogo ananiuliza kwenye simu, baba lini utatufuata? Namwambia nina kazi nyingi. Nitamwambiaje baba anaogopa ukuta?” Akafuta jicho kwa kiganja kinene. “Jioni hii nahamia stoo ya machinjioni. Nitalala na magunia ya chumvi, angalau magunia hayanong'oni.”

Wembe akamkonyeza yule aliye nyuma ya gazeti. Kazi imekwisha. Sekunde alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya ndicho alichokuwa hodari nacho kuliko sote. Lakini Mama Kahawa aliacha kuchochea makaa, akamtazama mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Gazeti likashuka taratibu. Uso wa Sekunde ulikuwa umelowa jasho.

“Ni mimi,” akanong'ona.

Jabali akaruka. Sijawahi kuona mwili wa kiasi kile ukipaa vile. Benchi likainuka upande mmoja, Wembe akateleza mpaka kwa Gazeti, Gazeti akateleza mpaka chini, na kahawa ikaingia kwenye kiatu cha mteja.

“Hiyo! Sauti ndiyo hiyo! Imenifuata mpaka huku!”

“Si jini,” Sekunde akasema, akijitahidi kuipandisha sauti, nayo ikagoma. “Ni jirani yako. Tuko wanne kweli. Misumari inatokea kwetu, ndiyo maana naigonga irudi.” Akatia mkono mfukoni, akatoa ile nyundo ya saa, na kitambaa chake.

Jabali akaichukua. Ilipotea kwenye kiganja chake. Akaigeuza, akamtazama Sekunde kuanzia kichwani mpaka viatuni. Wembe akakumbuka ana mteja. Gazeti, akiwa bado chini, akakumbuka amekaa vizuri. Mimi nilishika buti lake, sijui nilidhani litanisaidia nini.

“Hiki ndicho kilichokuwa kinaangusha rafu yangu?”

“Ndiyo.”

“Mbona hukugonga mlango?”

“Nilikuogopa.”

“Mimi?” Aliumia, nilimuona. “Nimekukosea nini mimi?”

“Unarudi na damu.”

“Natoka machinjioni, bwana! Ulitaka nirudi na poda?”

“Msumari wa jana umetokea shubiri moja kutoka kwenye mto wa binti yangu,” Sekunde akasema, na safari hii sauti ilitoka. Ilitoka kubwa, yenye hasira, ikamshtua yeye kuliko sisi.

Jabali akaweka mkono kifuani. “Wa mtoto?” Akakaa polepole. “Mungu wangu. Nisamehe jirani. Nisamehe sana. Nang'oa yote leo, kabla hujarudi. Sigongelei tena hata wa kushikilia kalenda.”

Wakashikana mikono. Mama Kahawa akavuta kanga akajifuta macho, akasema ni moshi. Sekunde alisimama wima kama siku aliyofungua ile meza yake ya kioo. Akampigia mke wake palepale: “Fungua nguo za watoto. Nimemwambia. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!” Sote tukampigia makofi, hata Wembe, ambaye yule mteja aliyemkumbuka alikuwa ameshasahaulika ghafla.

Jabali naye akatoa simu. Yeye hajui kunong'ona.

“Mke wangu! Hakuna jini! Ni jirani tu, kajamaa kadogo hivi, kapole! Pakia vyombo, mrudi leo! Wote! Na mama naye aje!”

Akakata, uso unang'aa.

“Wote ni wangapi?” Sekunde akauliza.

“Wanane. Wa kiume sita. Jirani, nimefurahi kwamba wako ni wapole, watachangamka. Ila watacheza kwako. Kwangu visu vitakuwa sakafuni, si salama kwa watoto.”

Akampiga Sekunde begani kwa furaha, pigo lililomsogeza hatua mbili, akamrudishia nyundo yake, akachukua buti zake, moja bado imepasuka, akaondoka akiimba. Wembe akarudi dukani. Gazeti akakusanya kurasa zake. Mama Kahawa akaanza kuosha vikombe.

Sekunde peke yake ndiye aliyebaki kwenye benchi langu, nyundo mkononi, anahesabu kwa vidole, anafika nane, anaongeza bibi, anaanza upya. Mwisho akanisogelea sikioni.

“Fundi,” akanong'ona, “hivi jini wa kweli mtu anampatia wapi?”