Shikamoo Iwe Mpaka wa Kila Ujumbe

Ghala la Katani, Kimamba, Kilosa
14 Agosti 2001

Kwa Waheshimiwa Wajumbe mnaobishania itifaki za kompyuta za kuhifadhia kumbukumbu,

Shikamooni nyote, maana sijui umri wa yeyote kati yenu.

Mimi ni Kasiani Lazaro, mtunza ghala na mpokea ujumbe wa redio ya upepo kutoka Mikumi. Mwalimu Yusrah, anayefundisha kompyuta huko, amenichapia mjadala wenu, kurasa arobaini. Nimeelewa kwamba hiyo njia yenu ya TCP humimina maneno mfululizo, wala haisemi ujumbe mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Kundi moja linataka kila ujumbe utanguliwe na urefu wake. Jingine linataka alama. Kwa kuwa tangu shamba libinafsishwe nina nafasi nyingi, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hamkuniuliza. Mimi pia ni mtu wa ghala. Bi Verdiana, mpiga redio wa Mikumi, husoma ujumbe wa watu kumi kwa pumzi moja, na ninautenganisha mwenyewe.

2. Dawa ninayo. Nimemwagiza Verdiana atangulize shikamoo kwa kila ujumbe, hata wa saruji. Nikisikia shikamoo napiga mstari, nachukua karatasi mpya. Kompyuta zenu hazina adabu, ndiyo maana mnateseka.

3. Kundi la urefu limemharibu Verdiana. Siku hizi anataka aseme kwanza "maneno kumi na mbili", ndipo asome. Nilimjibu kwamba tunahesabu marobota, watu tunawasalimia. Akaninunia. Imeniuma, kwa sababu nampenda, na mwezi wa Juni nilimposa kwa redio hiyo hiyo. Jibu lake lilikuwa nusu: baba yake anataka niende Jumapili nikampe. Nimpe nini, hakusema. Nikaona mzee ana tamaa, sikwenda.

4. Kwa hiyo kamati imwandikie Verdiana, kwa mhuri, kwamba nimeshinda mimi, ili alete jibu kamili.

Wasalimieni wake zenu, waume zenu na mafundi wa nyaya.

Wenu katika kupiga mistari,
Kasiani Lazaro

N.B. Nikitafuta bahasha nimefungua sanduku la ujumbe usio na mwenyewe. Kuna karatasi ya tarehe 5 Julai, mwandiko wangu, iliyofuata ile ya "uje Jumapili umpe". Inasema: "Shikamoo tu, mengine amesamehe. Mimi nimekubali. Usipokuja nitajua umeghairi."

Zimepita Jumapili sita. Kundi la urefu lipewe ushindi. Asubuhi hii nimewasha redio, nikatangaza "maneno saba", nikayasoma: Nilikosea. Nakuja Jumapili. Baba nitampa shikamoo yake. Nimeyahesabu mara tatu. Mikumi bado kimya, na katika kurasa zenu zote arobaini sijaona mlipoandika kimya kinaishia wapi.