Siku Nilipocheza Kikorea na Masale ya Mpakani

Jamani, leo nimejianika mbele ya ukoo mzima, tena mchana, jua likiwaka.

Naandika nikiwa bado na nguo za kuchezea. Laptop ni ya dada Lilian, modemu ni yake, vocha ni yake, na ameniambia nikiimaliza nitamkoma. Kwa hiyo nakwenda haraka. Someni, kisha mnionee huruma.

Mnanijua. Mimi ndiye yule Manka wa kidato cha tatu ambaye mwalimu akiuliza swali huinama kufunga kamba za viatu. (Viatu vyangu havina kamba.) Wageni wakija nyumbani, mimi nakumbuka ghafla kwamba kuku hawajala. Nikiwa na nyie hapa mtandaoni nina mdomo, lakini ana kwa ana mimi ni kivuli.

Na kwa wale ambao bado wako gizani, nina makundi mawili. La kwanza ni Moonlane, vijana watano kutoka Korea. Tae-oh ndiye kiongozi, na kila wakipewa tuzo analia mpaka wenzake wanamfuta kwa mikono ya mashati yao. Jun-ha ana sauti ambayo ukiisikia unaosha vyombo, sahani inakuponyoka. (Mama anadhani ni sabuni.) Min-sol ndiye mdogo wao, na ndiye mchumba wangu. Yeye hajui. La pili ni Pinwheel, wasichana wanne, na pale mimi ni wa Sora. Sora alipoanza alikuwa anaimba amewapa watu mgongo, kwa aibu. Sasa anasimama mbele ya uwanja uliojaa na anawaambia watulie. Ile video yake nimeitazama mpaka dada Lilian akaificha flashi kwenye debe la mchele.

Dada Lilian ndiye aliyenibatiza. Ni mtoto wa baba mkubwa, anasoma chuo Dar, na Krismasi alipanda huku na flashi imejaa Korea tupu.

Sasa, leo ilikuwa kipaimara cha mdogo wangu Godi, nyumbani kwa Babu, Kirua Vunjo. Godi ndiye aliyeniponza. Aliulizwa anataka zawadi gani, na badala ya kuomba saa kama watoto wenye akili, akasema, "Nataka dada Manka acheze ile ya Wakorea mbele ya watu."

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Manka? Huyu anayetoa shikamoo akiwa nyuma ya mlango?"

Baba mdogo Festo, ambaye ni MC wa sherehe zote za ukoo awe ameombwa au hajaombwa, akasema, "Nafasi nitampa, baada ya keki. Ila akikimbia tutamcheka hadi siku ya harusi yake."

Mimi nikikasirika huwa siongei. Naamua tu. Nikaamua kwamba leo ukoo utatambulishwa kwa watu wangu, na nitasimama mpaka wimbo uishe, hata nikifa. Nilitaka jambo hilo moja tu: nisikimbie.

Tulifanya mazoezi nyuma ya zizi, mimi na binamu yangu Happy. Ng'ombe walikuwa wanatuangalia kama paroko. Miguu ikakubali, mikono ikakubali. Kikabaki kitu kimoja. Mashabiki wa Moonlane hupunga vijiti vya taa za kijani, ukumbi mzima unakuwa kama shamba la mahindi lenye upepo. Bila kijani hiyo si Moonlane, ni watu wanaruka tu. Kirua nitapata wapi kijiti cha taa?

"Tufunge karatasi ya kijani kwenye tochi," Happy akasema.

"Tochi saa nane mchana, nani ataiona?"

Asubuhi hii, wengine wakiwa wanajiandaa kwenda kanisani, nikashuka kwenye migomba na kisu. Nikayaona. Masale! Marefu, membamba, ya kijani, yanang'aa kwa umande, na ukilitikisa jani linapinda vizuri kuliko kijiti chochote cha dukani. Nikakata manne, mawili yangu, mawili ya Happy. Nilijisifu njia nzima. Akili yangu ilikuwa imeshahamia Korea kabisa, huku imebaki miguu tu.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kihamba cha Babu, shamba lake la migomba, kinapakana na cha Mzee Barnaba, na mpakani kuna mstari wa masale, kama ilivyo huku kwa kila mtu. Babu anasema Mzee Barnaba aliusogeza ule mstari upande wetu. Mzee Barnaba anasema masale hayana miguu na yeye hana muda. Hawajasalimiana tangu kabla sijazaliwa. Kanisani, padri akisema watu watakiane amani, kila mmoja wao anageukia nguzo.

Ndiyo. Yale masale niliyakata pale pale. (Msinipigie kelele. Subirini.)

Mzee Barnaba alikuja leo kwa sababu kutokwenda kwenye kipaimara cha jirani ni maneno, na mke wake hapendi maneno. Akakaa kiti cha mwisho karibu na geti, ubavuubavu, kama mtu anayesubiri gari. Mbele yake mbege, pombe yetu ya ndizi, hajaigusa. Babu alikuwa meza kuu upande wa pili, kando ya paroko, na kila alipotaka kuangalia getini aliangalia paa la turubai.

Keki ikakatwa. Mbuzi wa ndafu akakatwa. Baba mdogo Festo akashika maiki.

"Sasa tunaingia Korea! Manka, ni ya Kusini au ya Kaskazini?"

"Kusini," nikasema.

"Paza sauti, mjukuu!" mzee mmoja akapiga kelele. "Hatukuja kusikiliza mbu!"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka kumweleza kila mmoja wao, nani anaimba, nani anatunga, nani alianza akiwa na aibu kama mimi. Nilichosema ni hiki: "Wako watano. Ni wazuri. Asanteni." (Hotuba yote. Mnaweza kuitunza.)

Dada Lilian, aliyekuwa anaweka wimbo, akaninong'oneza, "Funga macho. Mwili unajua."

Nikafunga.

Jamani, mwili ulijua! Wimbo ulipoanza nilisahau turubai, nilisahau mashangazi, nilisahau kwamba nina jina. Masale yakawa yanakata hewa, shwaa, shwaa. Nikasikia kigelegele kimoja, kisha kingine. Godi anapiga makofi nje ya mapigo. Nikasema moyoni, Sora, niangalie.

Mwisho wa wimbo ule Tae-oh anazunguka mara tatu, anasogea mbele, anapiga magoti, anainamisha kichwa na kunyoosha kijiti chake kwa mikono miwili, kama anawaambia mashabiki, hiki ni chenu. Mimi nilipanga kumnyooshea Godi, meza kuu. Nikazunguka. Nikasogea. Nikapiga magoti. Nikainamisha kichwa. Nikanyoosha.

Nikasubiri makofi. Nikasikia kuku akiparua majani makavu. Nikadhani labda wameguswa sana. (Ndivyo nilivyodhani. Nawaambia ukweli wote.)

Halafu mtu akalivuta jani moja kutoka mikononi mwangu, polepole, kama anayemvua mtoto kofia.

Nikafungua macho. Niliona viatu, lakini si vya Godi. Nikapandisha macho taratibu, suruali, koti, mikono ya kizee imeshika sale. Nilikuwa getini. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Mzee Barnaba.

Kwa wasio wa kwetu: Mchagga akimkosea mtu kosa kubwa, lile ambalo mdomo hauliwezi, anampelekea jani la sale. Anamnyooshea na kuinama. Hiyo ni radhi, tena radhi ya kweli, na anayeletewa halikatai. Hata watoto wanajua. Hata mimi najua! Nililijua siku zote za maisha yangu isipokuwa leo.

Happy alikuwa amesimama katikati ya uwanja, masale yake ameyakumbatia kifuani, macho kama sahani.

"Augustini," Mzee Barnaba akasema. Hilo ndilo jina la Babu, na huku hakuna anayemwita hivyo isipokuwa padri. "Umemtuma mtoto."

Babu alikuwa na nyama mdomoni. Haikutafunwa.

"Na umelikata pale pale mpakani. Jani la pale nalijua. Nimeliangalia maisha yangu yote."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, na wazee wangepatana kimyakimya. Lakini niliona uso wa Babu, nikaona wanavyomwangalia wote, nikaona anabebeshwa jambo ambalo hakulifanya. Nikajikuta nimepiga kelele, mimi, Manka:

"Hajanituma! Hicho ni kijiti cha taa! Ni cha Moonlane! Vijana watano kutoka Korea!"

(Baba mdogo Festo, ulitaka sauti. Ilifika mpaka barabarani.)

Mzee Barnaba akaliangalia jani. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tena jani.

"Kumbe na Wakorea wanaombana radhi kwa sale?"

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka akashika meza. Kisha mke wa Mzee Barnaba, kisha mashangazi, kisha turubai zima. Watoto wanalala chini. Mama anajifuta kwa khanga. Mimi bado nimepiga magoti, na nilitamani kuingia kwenye pipa la mbege mtu anifunike. Geti lilikuwa pale, hatua mbili tu. Nililiangalia. Nikabaki.

Babu hakucheka. Akasimama, na kicheko kikafa chenyewe.

"Barnaba. Rudisha jani la mtoto. Amesema hakutumwa."

"Sirudishi. Sale likishapokelewa limepokelewa. Mimi nimeshasamehe."

"Umesamehe nini wewe? Si wewe ndiye uliyekosa!"

"Basi nimesamehe bure."

Babu akaja mpaka niliposimama. (Niliposimama! Niliposimamia magoti.) Nilidhani atanivuta sikio. Akaniangalia mkononi.

"Hilo lingine ni la nani?"

"Ni... la mkono wa kushoto, Babu."

"Mpe Barnaba."

Nikampa.

"Haya," Babu akasema. "Sasa na wewe ninyooshee. Mimi pia nataka kusamehe bure."

"Kwani mimi Mkorea?"

"Nyoosha, Barnaba. Mtoto amechoka kupiga magoti."

Mzee Barnaba akainuka. Akasema kuinama ataweza, magoti hapana, goti la kulia ni bovu na Babu analijua tangu walipokuwa wanachunga pamoja. Akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili. Babu akalipokea. Akalishika kwa muda, akatoa leso, akasema vumbi la huku siku hizi limezidi. Kisha akamshika mwenzake mkono na hakumwachia. Bibi na mke wa Mzee Barnaba wakapiga vigelegele vya watu waliovitunza miaka mingi. Kata ya mbege ikaletwa, wakanywea hiyo hiyo moja, mmoja baada ya mwingine, na baba mdogo Festo akashindwa kusema neno lolote. Kwa kumbukumbu zetu hiyo ni mara ya kwanza.

Mama akanifuta vumbi magotini. "Nilijua utakimbia," akasema. Hakuwa anacheka. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyependeza, akitaka kujua jina lake.

"Nilitaka," nikamwambia. "Lakini wimbo ulikuwa umeisha na sijui niende wapi."

Akanishika shavu, akaenda jikoni kabla hajaharibu mambo.

Kwa hiyo ndiyo, mmesikia. Nilifumba macho, nikapotea njia kwenye uwanja wa nyumbani kwetu, nikamwombea Babu radhi asiyoitaka kwa majani niliyoyaiba, halafu nikaikana kwa kelele mbele ya paroko. Mashangazi wameshaanza kuniita Mkorea. Happy anasema kesho kila mtu sokoni atakuwa na habari, na zitakuwa zimeongezwa chumvi kabla hazijafika njia panda.

Lakini nilisimama mpaka wimbo ukaisha! Na utambulisho ule ambao hotuba yangu iliushindwa, wazee waliudai wenyewe. "Hebu tuwaone hao vijana waliotupatanisha," Babu alisema. Tukaweka laptop juu ya kreti la soda, wao wawili mbele, vichwa vimegusana, nami nikawaeleza mmoja mmoja. Kwa sauti. Sikuinama hata mara moja.

Babu amemchagua Tae-oh. Anasema ile ni miguu ya mtu aliyelelewa kwenye mteremko. Mzee Barnaba anasema Babu hajui kuangalia, anayelibeba kundi ni Jun-ha, na mtu wa namna ile angekuja huku kwaya ya parokia ingepona. Wamebishana mpaka mbege imemwagika. Muda huu huu Babu anagonga dirisha na mkongojo: "Manka! Walete tena hao watoto, huyu Barnaba ni mbishi!"

Haya, chekeni mmalize. Mkishamaliza mniambie: kati yenu nyote, nani ana mashabiki wapya wawili wanaosikiliza Moonlane na kubishana bila kuachiana mkono?