Mnada wa Mkurugenzi

Mugambi alikuwa kwenye kituo cha basi cha Great Barr, Uingereza, akitafuta njia ya kula bila kufanya kazi, shughuli inayochosha kuliko kazi yenyewe, alipowaona akina mama wanne wa Kikenya. Walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi nje ya nyumba moja, vitambaa kichwani, wametulia kama watu walioambiwa wasipige kelele. Na kweli walikuwa wameambiwa. Mabinti zao ni wauguzi wa zamu ya usiku, mchana wanalala. Akina mama walikuwa wamekuja kuwatembelea, na Uingereza waliyoiona hadi siku hiyo ilikuwa sebule na friji.

"Bwana asifiwe, akina mama," alisema Mugambi.

"Asifiwe tena," wakajibu kwa pamoja, na nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Alijitambulisha kuwa Mkurugenzi wa Utalii wa jiji. Hakuna ofisi iliyompa cheo hicho, ila pia hakuna iliyokuwa imemkataza. Angewatembeza mjini yeye mwenyewe, bila kutaka senti.

"Ni ada ya jiji tu, Mama, na hiyo mnaweza kulipa kwa majani ya chai. Wazungu na chai mnawajua."

Mugambi alijua kila mama anayetoka nyumbani huja na sanduku la majani ya chai, njahi, yale maharage meusi, na unga wa wimbi, na kila binti hupokea kwa shukrani kisha husukuma sanduku chini ya kitanda. Abdulnasir, mwenye duka kule Perry Barr, angevinunua vyote jioni hiyohiyo.

Kiongozi wao, Mama Roselyne, mwanamke mpana wa maneno ya polepole, alimtazama viatu kwanza, uso baadaye. "Na mkurugenzi anapanda basi?"

"Huku wakubwa ni wanyenyekevu sana, Mama."

Akaingia ndani, akatoka na kapu lililojaa chai, wimbi na njahi.

Mjini walianza na sanamu ya fahali wa shaba pale madukani. Kupiga picha naye kulihitaji kibali, akasema Mugambi, na pakiti ya kwanza ikaingia mfukoni mwa begi lake. Mtoto wa Kizungu alikuwa amepanda mgongoni mwa fahali huyohuyo akila aiskrimu.

"Na huyu amelipa?" akauliza Mama Roselyne.

"Baba yake hukatwa kwenye mshahara."

Kwenye bustani ya juu ya maktaba, ambako mtu yeyote hupanda bure, walilipia lifti. Kwenye mfereji walilipia kuangalia maji. Begi lilinenepa, na Mugambi akaanza kuwahurumia, jambo linalompata tapeli biashara inapokwenda vizuri.

Hapo Mama Roselyne akashusha pumzi. "Wenzetu wa kanisa wangefurahi. Jumamosi wanafika kundi zima, na kila mmoja ana masanduku mawili. Lakini wanataka mtu mkubwa, na awe mkarimu. Sasa mimi nitawaambia nini?"

"Waambie mmeniona," alisema Mugambi, mate yamemjaa.

"Haya basi, tukuone."

Walipofika Victoria Square, penye chemchemi, Mama Roselyne alisimama kwenye ngazi akatangaza kwamba kwao mgeni wa heshima haachwi aende hivihivi. Wangefanya mnada kidogo. Mugambi alikulia kanisani, hakuhitaji kuelezwa. Ibada ikiisha, jogoo na ndizi za sadaka hunadiwa, na mgeni wa heshima hupanda bei kuwapita wote. Akishashinda, analipa na kutamka "Narudisha," na jogoo ananadiwa upya. Mheshimiwa aliyewahi kununua jogoo akaenda naye nyumbani bado anachekwa hadi leo.

Mama Roselyne akachomoa pakiti kwenye begi la Mugambi. "Chai ya mlimani, wapendwa. Nani anaanza?"

"Pauni mbili," akasema mama wa kwanza, akiipeperusha noti ya tano aliyoitoa kwenye soksi. Kumbe wana pauni, Mugambi akawaza, na badala ya kushtuka akafurahi.

"Tatu," akasema wa pili. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Mkurugenzi amenyamaza," Mama Roselyne akaueleza umati. "Nafikiri anapima heshima yake."

"Ishirini," akasema Mugambi. Vigelegele vikapaa, watalii wakapiga makofi, na kabla akili haijafika, mdomo wake uliofunzwa tangu utotoni ukasema, "Narudisha."

Ikanadiwa tena, naye akainunua tena. Pakiti ya pili ikafuata, kisha wimbi, kisha njahi. Kila alipotaka kuacha alikumbuka masanduku ya Jumamosi, na mkono ukarudi mfukoni. Pesa zake za kula mwezi mzima zilihamia mkoba wa Mama Roselyne, na kila alichonunua kilirudi kapuni, kwa sababu alikirudisha mwenyewe, tena kwa sauti.

Mfuko ulipokauka, mama wa mwisho alisimamisha teksi.

"Tunaenda kuona ile ngome ya Warwick," Mama Roselyne alieleza akiingia na kapu lake. "Watoto walituambia kiingilio ni ghali. Mungu akubariki, Mkurugenzi."

Mugambi akakimbilia dirishani. "Na Jumamosi, Mama? Wenzenu niwapokee wapi?"

"Wenzetu gani, mwanangu? Jumamosi sisi tunapanda ndege."

Teksi ikaondoka. Akili ya Mugambi ilikuwa bado inakataa, lakini mkono wake, kwa malezi mema, ulikuwa tayari unawapungia.