Jezi Nisiyoitaka

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Vivian Penberthy alizikwa Ijumaa. Mungu amlaze pema. Mnada wa vitu vyake ni Jumamosi hii, shambani kwake, na jezi ya baba imo.

Naandika kwa utulivu. 

Kwa kumbukumbu: jezi ya sufu, nyeusi na njano, mikono mirefu, namba saba mgongoni. Baba, Ormond Treloar, aliivaa mwaka ule timu ya mji wetu wa Trewarra ilipochukua kombe la mpira la rasi nzima, kombe pekee tulilowahi kuchukua. Alipokufa, mama akaipeleka kwenye meza ya mitumba ya kanisa pamoja na mapazia. Nikaikuta pale. Nilikuwa na miaka thelathini, na moyo ulinipiga hadi masikioni. Lakini mkusanyaji haonyeshi anachokitaka, maana akionyesha tu bei inapanda. Kwa hiyo nikasimama mbele ya mabirika. Nikayageuza moja moja. Nikauliza habari za mifuniko. Vivian akaingia, akaiokota jezi, akalipa, akatoka. Mimi nikarudi nyumbani na birika. Linavuja.

Tangu siku hiyo sijanywa chai kwa akina Penberthy bila kuiona ikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Sijawahi kuitaja hata mara moja. Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi hii.

Mpinzani ni mmoja, Merrick Pascoe. Ana banda zima la vitu vya michezo, vya mpira na vya kriketi, na kila anachokitaka hukitaja waziwazi mbele ya mwenye nacho. Sijui huwa anapataje chochote.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimekwenda kumpa pole mjane wa Vivian, Mama Una, nikiwa na pasti za nyama na viazi alizooka mke wangu Glenys. Glenys aliuliza kama nakwenda kufariji au kukagua. Nikasema safari moja inatosha kwa yote mawili.

Jezi ipo mlangoni. Shingoni imeraruka, na pale paliporaruka mama yangu alipashona kwa uzi wa buluu kwa sababu ule mweusi ulikuwa umekwisha. Nilikuwepo akishona. Baba alikuwa anamtania kwamba sasa atacheza kama bibi harusi. Haya yote nimeyakumbuka huku nikitazama dirisha. Mama Una ana miaka themanini na nne na macho yake hayana nguvu, lakini aliona jinsi ninavyolitazama dirisha.

Akasema, "Lindsay mwanangu, ile jezi ya baba yako bado ipo. Unaionaje?"

Moyo ukaruka. Nikaukalisha chini. Nikamwambia ile ni tambara tu, mama, imeliwa na nondo, labda ifutie trekta. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na haja. Akaipapasa jezi. Kisha akasema Vivian alikuwa anamwambia siku zote, tuitunze tu, iko siku yule kijana ataijia mwenyewe. Nikasema Vivian alipenda utani.

Basi akaikunja, akaitia kwenye boksi la vitu vya mnada pamoja na koleo na pasi ya zamani. Bei imeshuka hadi sakafuni, na mimi ndiye niliyeishusha. Njiani nikasimamisha pikapu kando ya shamba la shayiri, nikakaa humo muda bila kufanya chochote. Sikuwa najisikia vizuri. Nadhani ni zile pasti.

Alhamisi, 7 Agosti

Klabuni. Kila Alhamisi, vijana wakishamaliza mazoezi, wakusanyaji wote wanne wa Trewarra tunakaa meza ya pembeni, tunakula nyama ya kukaanga na kuomboleza vitu tulivyovikosa. Ni matanga hasa, ila marehemu wetu hawajafa, wako sebuleni kwa watu wengine. Trenwith alisimulia tena kigongo cha kriketi alichokikataa kwa sababu mpini ulikuwa umefungwa kamba. Leo kipo ndani ya kioo huko Melbourne. Mzee Bolitho akatoa kisa chake cha mpira wa fainali, wenye sahihi za kikosi kizima. Aliambiwa aje kesho, akaja keshokutwa, akakuta mbwa ameshautafuna. Tukainamisha vichwa.

"Majuto ni mjukuu," akasema Bolitho. "Na mimi Mungu kanijalia wengi."

Ikafika zamu yangu. Nikasema sina ninachojutia. Hapo nikaingiza mpango wa pili. Nikatamka, kama jambo la kupita tu, kwamba ile jezi ya Penberthy nina wasiwasi nayo. Huenda si ya kweli. Huenda namba saba ile ilishonwa baadaye.

Bolitho akaweka uma chini. "Wee Lin, acha hizo. Baba yako si nilimwona mimi na hiyo jezi? Nilikuwa nimekaa juu ya ua wa uwanja, akanipita hapa na hapo, anavuja damu ya pua."

Nikamwambia macho ya mtoto hukuza mambo. Akasema, haya bwana, baba ni wako. Nilikanusha jezi ya baba yangu mbele ya watu na nyama nikaimaliza. Kazi hii ina machungu yake.

Pascoe hakuchangia. Alinitazama tu, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeapa haumwi. Mwisho akauliza polepole, "Kwa hiyo huitaki kabisa, Lin?"

Kabisa, nikasema.

Akaninunulia bia. Hofu imemwingia.

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo wa kusini, baridi ya kukata masikio. Magari yamejaa hadi barabarani.

Mpango wa tatu ndio uliokuwa mkubwa. Huku kwetu, kwenye mnada wa marehemu, mtu wa familia akiinua mkono wengine wote wanashusha ya kwao. Haijaandikwa popote. Aliyeikiuka mara ya mwisho alihamia Queensland. Basi nikaamua kuwa familia. Nilivaa tai nyeusi. Asubuhi nzima nilibeba sinia za chai, nikamshika Mama Una kiwiko, nikasimama katikati ya binti zake wawili na kupokea pole. Mmoja aliniuliza kwa adabu mimi ni nani.

Ulifanikiwa kupita kiasi. Upepo ulitaka kunipokonya kofia, nikainua mkono kuishika. Kumbe zamu ilikuwa ya friza mbovu. Mikono yote ikashuka, kwa heshima. Friza ni yangu.

Ndipo ikaja jezi. Dalali wetu, Wes Kitto, aliinyanyua kwa mikono miwili, na mwanga ukapita kwenye matundu ya nondo. Nilitaka kulia. Nikakaza macho kwenye kinu cha upepo. Hesabu yangu ilikuwa hii: nikikaa kimya bei itaporomoka, mwisho watamtupia bure atakayenunua pasi.

Wes akataja bei. Kimya. Akataja nusu yake. Kimya. Uwanja mzima wa watu, hata kikohozi hakuna. Nikajipongeza, maana uvumi wa Alhamisi ulikuwa umeiva. Mzee Bolitho alivua kofia, sijui kwa nini, kwenye baridi ile.

Wes akasema taratibu, na yeye si mtu wa taratibu, "Jamani, hii ni jezi ya Ormond Treloar. Hatuna haraka. Tunamsubiri mtu."

Alikuwa anatazama upande wangu. Nikageuka kuona ni nani aliye nyuma yangu. Palikuwa na tangi la maji.

Akauliza mara ya tatu. Mimi na kinu. Ndipo Pascoe akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Basi, isitupwe," akainua mkono. Nyundo ikagonga. Ikawa imekwisha.

Njiani Glenys alinieleza, friza ikigongagonga huko nyuma. Kwamba kwa kitu kile familia ilikuwa ni mimi. Kwamba mnada mzima ulishusha mikono kwa ajili yangu, na Pascoe alikuwa wa mwisho kukata tamaa. Nikamwambia hajui biashara. Akasema, "Mficha uchi hazai, Lin," na hakuongeza neno mpaka nyumbani.

Nimelia bafuni. Naliandika wazi kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Sikuitaka kwa ajili ya mkusanyiko. Nilitaka kuishika pale mabegani, mahali alipokuwa yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Pascoe amekuja baada ya kanisa. Alisimama barazani na jezi ndani ya foronya safi. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Akaitoa, akainyoosha mbele yangu kwa mikono yote miwili. Nikauona ule uzi wa buluu.

Akasema haimpi raha. Ameshazoea kutundika vitu vya watu bandani mwake, lakini hajawahi kumtundika baba wa rafiki yake, na rafiki mwenyewe yuko hai, anakaa mtaa wa pili.

"Ichukue, Lin. Hela sitaki. Ila useme unaitaka. Mara moja tu, niisikie kutoka kwako." La sivyo, akasema, watu wa jumba la makumbusho huko Adelaide wameshaiandalia kabati, anaipeleka leo hii, na kitu kikiingia kule hakitoki.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikautumia kujikuna sikio.

Nikafikiri upesi. Kitu cha bure kina jambo. Mtu anayenyoosha mikono namna ile ana haraka, na mwenye haraka ndiye anayeshindwa. Akisikia tu neno naitaka, nimekwisha, ataniweka mfukoni maisha yangu yote. Sauti ilitoka vizuri sana, sijawahi kuitoa vizuri hivyo.

"Ya nini, bwana? Matambara ninayo."

Pascoe akasubiri. Glenys alikuwa mlangoni nyuma yangu, naye akasubiri. Akasema kwa sauti ndogo, "Lin. Ni baba yako." Nikamwomba Pascoe amsalimie mkewe.

Akaikunja, mkono mmoja kisha wa pili, bila haraka, akiniachia nafasi. Sikuichukua hiyo nafasi. Nilimwona machoni kwamba ana huzuni, maana yake amebanwa. Akairudisha kwenye foronya, akashuka ngazi. Glenys ameingia ndani na kufunga mlango, kwa hiyo naandikia hapa nje.

Mvumilivu hula mbivu. Kufikia katikati ya wiki atarudi ananisihi. Sasa hivi pikapu yake imepita mbele ya nyumba, ikaelekea barabara ya Adelaide, foronya iko kiti cha mbele. Nilisimama hadi ilipopotea kwenye mashamba. Hakupunguza mwendo. Hata shingo hakugeuza. Nimemwelewa vizuri. Anajifanya hajali.