Fuvu la Mbuzi wa Kalerwe

Jumatatu, 8 Septemba

Mtihani wa mifupa ya kichwa ni Ijumaa. Mara ya kwanza nilifeli. Nikifeli tena, kwaheri chuo, kwaheri kozi ya usafi wa meno. Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ameshanishonea koti jeupe la kliniki. Limetundikwa nyuma ya mlango hapa kwetu Kyebando. Kila nikifunga mlango linanitazama. Asiyejua mifupa halivai. Ndiyo sheria ya Daktari Dolphine, mwalimu wetu.

Chuo kizima kina fuvu moja la kweli. Moja! Unaandika jina daftarini, unapewa jioni yako. Leo nimefungua daftari nikakuta Sumayiya wa Kibuli amejiandikisha jioni zote hadi Alhamisi. Nikamwambia hii ni dhuluma. Akasema daftari lilikuwa wazi wiki mbili, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa napanga ratiba ya kusoma. Kwa rangi tatu.

Mtu ana alama tisini na sita, bado anataka fuvu!

Jumanne, 9 Septemba

Wazo! Limenijia sokoni Kalerwe nikinunua nyanya. Kichwa ni kichwa. Mbuzi ana taya, ana paji, ana matundu ya macho. Nimemwendea Usama muuza nyama, nikamtaka kichwa kisicho na kasoro. Akanichagulia cha dume. "Hii ni muzima, ssebo, hakuna kitu imepotea."

Nimerudi kwa boda nikiwa nimekipakata. Dereva akauliza kama kwetu kuna sherehe. Nikasema kuna mtihani. Akaongeza mwendo.

Yaya amefurahi kupita kiasi. Kabla sijavua viatu kichwa kilikuwa sufuriani pamoja na vitunguu na pilipili. Nikamwomba apunguze chumvi, mifupa isiharibike. Akasema tangu aanze kupika hajasikia mfupa ukilalamika.

Jumatano, 10 Septemba

Supu ilikuwa tamu mno. Mifupa imetoka safi. Nimechora kutwa. Pembe nimezifuta. Mimi si mjinga.

Ugunduzi wa kwanza: taya la chini ni mifupa miwili. Ukilishika tu, linaachana. Kitabu kinasema ni mmoja. Kitabu kiliandikwa na mtu asiyepika. Ugunduzi wa pili: taya la juu lina meno kumi na mawili, na mbele hakuna kitu. Nilidhani yamedondoka. Nikakoroga supu iliyobaki kwa mwiko mpaka chini. Hakuna jino. Kwa hiyo hayakuwapo. Huo ndio utafiti!

Jioni nimepeleka michoro chuoni. Babra na Tresor, wenzangu waliokosa fuvu kama mimi, wameomba kuinakili. Nimewapa bure kabisa. Nimewaambia imetokana na fuvu la kweli. Sikusema la nani.

Sumayiya akapita, akachungulia, akaanza kusema eti lile taya lina walakini. Nikafunika kwa mkono. Wivu mtupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtihani. Vituo kumi na viwili mezani, kila kimoja na mfupa wake. Kengele ikilia unahamia kinachofuata. Nilitiririka kama maji!

Kituo cha saba: taya la chini la binadamu. Kipande kimoja. Nikaligeuza, nikaelewa mara moja. Gundi! Wameliunganisha ili kututega. Sikutegeka. Nikaandika: mifupa miwili.

Jumatatu, 15 Septemba

Balaa.

Tumeitwa ofisini, Babra, Tresor na mimi. Makosa yetu yanafanana neno kwa neno. Daktari Dolphine anasema tumeibiana majibu, na adhabu ya wizi wa mtihani ni kufukuzwa. Kesho saa nne tufike mbele ya kamati. Babra akalia. Tresor akanitazama tu. Afadhali naye angelia. Nimeona aibu ya kweli.

Kisha Daktari akaniuliza nani alinihesabia meno kumi na mawili kwenye taya la juu la mtu mzima. Akaniambia nihesabu yangu, kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikahesabu. Kumi na sita. Nikarudia kutokea upande wa pili. Kumi na sita.

Mbio nyumbani. Ushahidi pekee ni lile fuvu. Halipo! Nikapekua jikoni, nikapekua jalalani. Mwisho nikalikuta kwenye meza ya cherehani, limekandamiza kitenge kisipeperuke. Vipande vya taya vilikuwa juu ya karatasi za vipimo. Yaya hakutaka kuvitoa. Amesema ni vizito na havichani kitambaa. Nimemwachia mawe mawili.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeingia mbele ya kamati na kikapu. Nikatoa fuvu, pembe na vyote, nikaliweka juu ya faili. Nikaeleza yote, pamoja na mwiko. Nikasema kosa ni langu, wenzangu waliniamini tu.

Daktari akaunganisha vipande vya taya. Vikaachana. Akageuza taya la juu, akahesabu. Kumi na mawili. Akatoka nje. Tulidhani amekasirika, mpaka tukamsikia akicheka huko koridoni.

Uamuzi: hatukuibiana. Tulikuwa wajinga, na mjinga hafukuzwi, anarudia mtihani Ijumaa. Kuhusu michoro, Daktari amesema mbuzi huyo amechorwa vizuri sana.

Sumayiya alikuwa akitusubiri mlangoni. Amesema amejiandikisha tena jioni zote za wiki hii, na zote ni zetu, na fuvu la kweli tutalishika kwa zamu. Tena akasema ile Jumatano alijua ni mnyama, alitaka kunionya, nikafunika kwa mkono. Nilimshukuru kwa sauti ndogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimefaulu! Sote watatu tumefaulu! Mimi sabini na moja. Yaya amenivalisha koti mwenyewe, akanizungusha, akajifuta machozi kwa ile futi ya kupimia nguo iliyo shingoni mwake. Nami nikageukia dirisha kidogo.

Sumayiya ameniomba ahadi moja: nisisome tena kitu kinachoingia sufuriani, na niwahi daftari. Nimeahidi kwa moyo wote. Ni rafiki wa kweli yule.

Somo linalofuata ni ulimi na misuli yake. Chuo kina kielelezo kimoja tu. Daftari limefunguliwa jana. Nitajiandikisha nikimaliza ratiba, safari hii ya rangi nne.

Nikiwa njiani nimepitia kwa Usama. Ameniwekea ulimi wa ng'ombe, mrefu, mzima! Nimefikiri sana, na nimeona kosa lilikuwa la mbuzi. Ng'ombe ni mnyama mkubwa, hawezi kumdanganya mtu. Babra na Tresor nimeshawaahidi michoro. Yaya anamenya vitunguu.