Omukago wa Waheshimiwa wa Rwabigaga

Natangaza kwa furaha, na kwa barua yenye kumbukumbu namba, kwamba upinzani wa kisiasa umekwisha rasmi katika kata ya Rwabigaga, mpakani mwa Karagwe na Kyerwa. Ulikwisha Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Mimi Luqman, Afisa Mtendaji wa Kata, nilikuwepo na muhuri wangu mkononi.

Wenzetu huko juu bado wanafanya makongamano kujadili kama vyama vinaweza kushirikiana, na kama ni vizuri vishirikiane. Wanakula chakula cha mchana, wanaahirisha. Sisi tulimaliza kwa tunda moja la kahawa.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa mbaya. Diwani wetu, Mheshimiwa Apolinary wa Chama cha Kibuyu, na mwenyekiti wa kijiji, Mheshimiwa Privatus wa Chama cha Mkeka, walikuwa hawaivi kabisa. Kibuyu wakijenga kuta za zahanati, Mkeka wanakimbilia kuleta madirisha wasije wakaonekana wamelala. Kibuyu wakaweka tenki la maji, Mkeka wakachimba choo, tena cha matundu manne. Upepo ulipoezua paa la zahanati mwezi wa kumi, mabati mapya yalihifadhiwa ofisini kwangu, na kila mheshimiwa akaweka mtu wake wa kuyahesabu asubuhi na jioni, mwenzake asije akayagusa. Jamani, kata gani itaendelea kwa kutoaminiana namna hiyo?

Ndipo nikaunda Kamati ya Kuondoa Tofauti Zisizo za Lazima, kwa kifupi KAKUTOZILA. Wenyeviti wenza wakawa waheshimiwa wenyewe, na katibu mimi. Nilipendekeza wapatane kwa utamaduni wa hapa, yaani omukago: watu wawili wanachanjiana damu, wanapasua tunda la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja anameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Baada ya hapo ni ndugu, kupita hata wa tumbo moja.

Mimi nimezaliwa Kayanga mjini, dukani kwa baba, na babu alitoka Tanga. Mambo ya omukago niliyasoma kwenye kalenda. Mzee Karekezi, mjuzi wa mila za hapa, alinionya kwamba ndugu wa omukago hawezi kumnyima mwenzake kitu, wala kumpinga mbele za watu, na kwamba jambo hilo halina talaka. Nikaandika kwenye muhtasari: "Maoni yamepokelewa."

Muuguzi wetu, Kemirembe, alikataa wembe mmoja kutumika kwa watu wawili, na akawapima damu kabla ya shughuli. Hata majibu yalilingana. Nilitokwa na machozi, sifichi.

Matunda ya umoja yalionekana wiki hiyohiyo. Mheshimiwa Privatus alipendekeza kata ijenge Banda la Maridhiano, ili mgeni rasmi akija kutuzindua asikae juani. Mheshimiwa Apolinary, ambaye zamani angepinga hata salamu ya mwenzake, akasema anaunga mkono. Kisha yeye akapendekeza banda liezekwe kwa mabati ya zahanati. Mheshimiwa Privatus akaunga mkono. Wale wahesabu mabati walirudishwa makwao, maana hapakuwa tena na wa kumshuku. Kikao kilichukua dakika sita.

Kemirembe alisimama akasema mvua za masika zimekaribia na ana wajawazito kumi na wanne. Nilimweleza kitaalamu kwamba hoja yake ni nzuri ila haina mtu wa kuitetea, kwa sababu mtetezi angekuwa mpinzani, na wapinzani tumeshawamaliza. Akasema, "Sawa, Mtendaji. Nitawaambia wajawazito wasubiri."

Hawakusubiri. Mvua ya kwanza iliponyesha, binti mmoja kutoka Rugu, aliyekuja kujifungulia kwao, alijifungua zahanati chini ya turubai lililotoboka, mama yake na shangazi zake wakiwa wameshika miavuli juu ya kitanda. Niliwakuta asubuhi wakikamua mablanketi. Mimi ni mtumishi na nina msimamo, lakini siku ile niliona aibu.

Banda, kwa upande wake, lilikuwa halivuji hata tone. Mbuzi watatu walilala humo wakisubiri mgeni rasmi.

Jumatatu asubuhi Bi. Kokuhirwa alifika nyumbani kwa Mheshimiwa Apolinary. Huyu ni dada mkubwa wa Mheshimiwa Privatus, ana migomba ekari mbili na maneno machache. Nilikuwa pale nikinywa uji, kwa hiyo naandika nilichokiona.

"Shikamoo, dada," alisema Mheshimiwa.

"Marahaba. Damu ya mdogo wangu si iko tumboni mwako?"

"Imo, dada."

"Basi mimi ni dada yako. Nimekuja kuomba. Mabati yarudi zahanati."

Mheshimiwa alikohoa. Alitaja mchakato, akataja ngazi husika, akataja mgeni rasmi. Bi. Kokuhirwa akauliza kama hapo ndugu amenyimwa, ili akaseme vizuri ukoo mzima ukikutana Jumapili. Mheshimiwa akaomba kalamu.

Karatasi ya kuhamisha mabati huhitaji sahihi mbili, hilo nililiweka mwenyewe kwa ajili ya uwazi. Ya pili ilikuwa tayari. Mackrine, mke wa Mheshimiwa Apolinary, alikuwa ameamkia kwa shemeji yake mpya Privatus. Alirudi na sahihi, misumari, ngazi, na guta la kubebea. Nikagonga muhuri. Sikuulizwa, lakini niligonga kwa nguvu zote.

Kufikia jioni zahanati ilikuwa na paa. Banda likabaki nguzo na mbuzi.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kwa uongozi. Ukoo wa Privatus ulikwenda kwa Apolinary kuomba barabara ya kupitisha kahawa, na ukoo wa Apolinary ukaenda kwa Privatus kuomba dawati kwa kila mtoto. Wote walikuwa ndugu, wote walipewa. Waheshimiwa walikonda.

Ndipo wakaniletea hoja ya dharura: wanaomba kurudishiwa uadui wao, kwa maslahi mapana ya demokrasia. Niliitisha kikao zahanati, jengo pekee la kata lenye paa na nafasi ya kikao, nje mvua ikipiga. Mheshimiwa Apolinary alieleza kwamba nchi bila upinzani haina afya. Mheshimiwa Privatus alisema hajawahi kusikia maneno yenye hekima kama hayo. Nikauliza nani anapinga. Hoja ya kutokubaliana ikapita kwa kauli moja.

Kemirembe alichungulia kutoka chumba cha kujifungulia.

"Mmekubaliana tena," alisema. "Hongereni. Sasa tokeni nje, nina mama anasukuma."

"Mvua inanyesha, Sista," Mheshimiwa Apolinary alisema.

"Naisikia. Juu ya bati inasikika vizuri sana."

Tulitoka. Mimi nilijibana chini ya ukingo wa paa, penye nafasi ya mtu mmoja. Waheshimiwa walikuwa na mwavuli mmoja, wa Privatus. Apolinary akasema, "Ndugu, naomba mwavuli." Privatus hakuweza kumnyima, akampa. Alipoanza kulowa, naye akasema, "Ndugu, naomba mwavuli." Akarudishiwa. Walikwenda hivyo kwa heshima kubwa, bila hata mmoja kupinga, na mtoto alipolia ndani, saa tisa na dakika kumi, wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa, mwavuli ungali njiani kwenda kwa mwenzake.